Kuanza kazi ya kulea watoto wadogo: msaidizi wa kituo, mwalimu wa awali au kufungua kituo? (Ulinganisho)

NeemaKibaha

Habari zenu wakuu. Naomba ulinganisho kwa mtu wa kidato cha nne anayetaka kufanya kazi ya malezi ya watoto chini ya miaka sita hapa Tanzania. Naona milango mitatu: kuomba usaidizi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, kwenda chuo cha ualimu wa elimu ya awali, au kujiunga kikundi na wenzangu tufungue kituo mtaani. Mtaji haufiki milioni mbili. Upi unaanza haraka, upi ni imara, na watu hukwama wapi? Wenye uzoefu wa Montessori (njia ya kumfundisha mtoto mdogo kwa vitendo na vifaa) nao karibuni.

Mlezi_Tegeta

Karibu dada Neema. Kabla ya kuchagua mlango, chagua umri wa mtoto. Umri ndio unaoamua sheria inayokuhusu, wizara utakayokutana nayo na kazi utakayoifanya kutwa nzima.

Mtoto wa miaka mitano ni wa elimu ya awali, ule mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Mtaala na sera ni vya Wizara ya Elimu, shule za serikali zinasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Mtoto aliye chini ya hapo ni wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, na huko msingi ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Wizara yake ni ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na mtu utakayemwona mara kwa mara ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ndiyo maana wengine huangukia pua: wana cheti cha ualimu, wanafungua kituo cha watoto wa miaka miwili, wanadhani karatasi za elimu zinatosha. Wengine wamesajiliwa kama kituo cha malezi lakini bango la nje linasema "shule ya awali". Mkaguzi akifika, anaanzia kwenye bango.

Sasa kazi yenyewe. Chini ya miaka miwili, kazi iko mikononi: kunyonyesha kwa kikombe au chupa, kucheulisha, kubadili nepi, kulaza, kubeba. Miaka miwili hadi minne, kazi iko mdomoni na miguuni: lugha, poti, kugombania gari la plastiki, kukimbia mlangoni. Miaka mitano, kazi iko kwenye maandalizi: andalio la somo, zana, kufuatilia kila mtoto amefikia wapi. Mtu anayeweza kumtuliza kichanga anayelia dakika arobaini si lazima awe ndiye anayeweza kuongoza watoto thelathini kwenye hadithi. Ukijua wewe ni wa wapi, mlango utajichagua wenyewe.

Mwl_Songea

Naongezea kuhusu chuo. Astashahada (cheti) ya ualimu wa elimu ya awali imekuwa ya miaka miwili, na sifa ya kuingia imekuwa daraja la I hadi la III kidato cha nne; hakikisha kwenye tangazo la mwaka unaoomba. Mwenye daraja la IV asimlipe mtu wa pembeni anayemwahidi "nafasi ya dirisha". Hiyo nafasi haipo. Njia yake ni vyeti vinavyosimamiwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), ngazi ya NTA 4, yaani cheti cha awali, katika fani kama ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii au malezi na makuzi ya awali. Kwa kawaida huko wanataka ufaulu wa masomo manne, ya dini hayahesabiwi. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina kampasi Kisangara, wilayani Mwanga, inayojulikana kwa kufundisha walezi wa watoto wadogo. Kabla ya kulipa ada chuo chochote, ingia kwenye orodha ya NACTVET uone mambo mawili: chuo kimesajiliwa, na kozi hiyo hiyo unayoitaka imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe halali.

Faida ya ualimu: unaweza kuomba ajira serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na shule binafsi zinakutambua mara moja. Hasara: ada ya miaka kadhaa, na nafasi za serikali hutoka kwa awamu, na usaili juu yake. Anayesoma ualimu wa awali kwa kutegemea kuajiriwa serikalini mwezi anaomaliza atakaa nyumbani. Aombe shule binafsi mapema, ikiwezekana pale pale alipofanyia mazoezi ya kufundisha.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika darasa la awali Januari 2024 na unataka mtoto ajifunze kwa michezo na kona za ujifunzaji. Hapa ndipo walimu wapya wanapovunjika. Mzazi anataka kuona daftari limejaa, kwa hiyo mwalimu anawaandikisha watoto 1 hadi 100 kila siku. Vidole vya mtoto wa miaka minne au mitano bado havijakomaa kushika penseli muda mrefu. Anakamata kalamu kwa ngumi, anachoka, anaichukia. Anza na udongo wa mfinyanzi, kutunga shanga kubwa kwenye kamba ya kiatu, kuchambua maharage na mahindi kwenye vifuu, kuchora kwa kidole mchangani. Zikipita wiki kadhaa, leta kipande kifupi cha chaki kwenye ubao: ufupi wake unamlazimisha kushika kwa vidole vitatu. Mzazi anayetaka ushahidi mwonyeshe kazi hizo. Bandika tarehe kwenye kila mchoro, atauona mwendo wa mwanawe mwenyewe.

Mlezi_Tegeta

Mwalimu, nikuombe uongeze onyo: maharage, shanga na vizibo vya soda ni kwa wa miaka minne kwenda juu, na uvihesabu kabla na baada. Kwa walio chini ya mitatu kila kitu kinaenda mdomoni. Kitu kinachoweza kupita kwenye mrija wa katikati wa karatasi ya chooni kinaweza kumpalia mtoto.

Mwl_Songea

Sahihi kabisa. Nilikuwa nazungumzia darasa la awali tu.

BintiPangani

Mimi nitetee mlango wa kwanza, usaidizi, maana watu huudharau. Ndio unaoanza haraka, na ndio unaokuambia kabla hujalipa ada kama kazi hii ni yako. Miezi mitatu kwenye kituo kizuri inatosha kujua. Tatizo ni neno "kizuri". Ukienda kuomba, tazama haya kabla hujauliza mshahara:

Watoto wachanga wanalala chali kwenye godoro gumu bila mto, au wamerundikwa kwenye sofa? Kuna daftari la kuingia na kutoka lenye saini ya anayemchukua mtoto, au kila shangazi akifika anapewa? Anayepika ana cheti cha kupimwa afya? Wanaweka nakala ya kadi ya kliniki ya kila mtoto? Kituo kisicho na hayo kitakufundisha makosa, na utakuja kuyabeba kwenda nayo kokote.

Halafu idadi. Kwa uzoefu wa kazi, mlezi mmoja kwa vichanga wanne ni mwisho wa uwezo. Wakiwa watano, mmoja atakaa na nepi mbichi saa tatu na ataota vipele. Wanaotembea wa miaka miwili, sita hadi wanane. Wa miaka mitatu na minne, kumi hadi kumi na wawili. Ukikabidhiwa watoto ishirini wa miaka miwili peke yako siku ya kwanza, hapo hujaajiriwa kujifunza, umeajiriwa kuzuia mlango.

Mambo ya kuyamudu mwezi wa kwanza, na namna yanavyoharibika:

Nepi. Andaa kila kitu kabla hujamlaza: nepi safi, maji ya uvuguvugu, kitambaa, mfuko wa takataka. Mkono mmoja usiondoke kwenye kifua cha mtoto. Wengi wanaanguka mezani pale mlezi anapogeuka kuchukua kitambaa. Ni salama zaidi kubadilishia kwenye mkeka wa plastiki sakafuni. Mtoto wa kike mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha nawa mikono kwa sabuni, mnawishe na mtoto.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kwenye joto la nyuzi 25 yanakaa hadi saa nne tangu kukamuliwa. Kwa joto la Dar au Tanga usifikie huko, weka kwenye friji au kibuyu chenye barafu mara tu mama anapoyakabidhi, na andika jina na saa kwenye chupa. Yapashe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyaweke jikoni. Yaliyobaki baada ya mtoto kunyonya yanamwagwa. Walezi wapya huona uchungu kumwaga maziwa ya mama, wakayarudisha kwenye friji, na kesho mtoto anaharisha.

Kuharisha. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua, kwa hiyo pima kwa kijiko, usikadirie kwa kiganja. Baada ya saa 24 mwaga. Mpigie mzazi hapo hapo, na macho yakizama, au mtoto akilegea na kushindwa kunywa, ni zahanati bila kusubiri mzazi afike.

Matapishi na kinyesi sakafuni: Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, iache dakika kumi kisha suuza. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, inatoa hewa inayochoma mapafu.

Kupaliwa. Mtoto wa chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, sukuma mara tano katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja. Rudia. Wa zaidi ya mwaka mmoja: mapigo matano mgongoni, kisha misukumo mitano ya tumbo, juu ya kitovu. Usichokonoe koo kwa kidole kama hukioni kitu, utakisukuma ndani. Haya usiyajue kwa kusoma tu. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza yenye mwanasesere wa mazoezi, mikono ishike.

KakaMbezi_hesabu

Upande wa kufungua kituo, tuweke namba mezani. Ni mfano, kila mtaa una bei zake.

Watoto 15, ada 70,000 kwa mwezi: 1,050,000. Pango 250,000. Walezi wawili kwa 250,000 kila mmoja: 500,000. Mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10: 50,000. Chakula, tuseme 800 kwa mtoto kwa siku, siku 22: 264,000. Maji, umeme, sabuni: 70,000. Jumla ya matumizi 1,134,000. Umepungukiwa 84,000 hata kama wote wamelipa, na kwa kawaida hawalipi wote. Watatu wakichelewesha, pengo ni 294,000, na wewe mwenyewe hujalipwa.

Wakifika 22, wote wa miaka mitatu na minne, walezi ni wale wale wawili: mapato 1,540,000, chakula kinapanda hadi 387,200, matumizi 1,257,200. Zinabaki 282,800. Huo ndio mshahara wako.

Sasa angalia vichanga. Vichanga wanne wanataka mlezi wao mmoja. Kwa ada ile ile ya 70,000 wanaleta 280,000. Mlezi na NSSF yake ni 275,000. Zimebaki elfu tano za pango, maji, sabuni na chakula cha watoto wanne kwa mwezi mzima. Vituo vingi vya mtaani vinafilisika hapa bila kujua, kwa sababu vinatoza ada moja kwa kila umri. Ama utoze vichanga karibu mara mbili, ama uanze na wa miaka miwili na nusu kwenda juu. Ukishindwa kufanya yote mawili utakachofanya ni kumpa mlezi mmoja vichanga wanane, na dada Binti ameshaeleza kinachofuata.

Mtaji: kikundi cha wanawake kisichopungua watu watano, kikisajiliwa halmashauri, kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo nne ni za wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini usiupeleke mkopo kwenye mabembea na rangi za katuni ukutani. Peleka kwenye tanki la maji, choo chenye matundu madogo ya watoto, uzio na geti linalofungwa kwa juu. Na weka akiba ya pango la miezi mitatu, kwa sababu Desemba na Juni watoto wanapungua shule zikifungwa, kaka na dada zao wakiwa nyumbani.

Kabla ya kulipa pango mwite afisa ustawi na afisa afya waione nyumba. Watu hulipa mwaka mzima ndipo wanaambiwa choo kimoja hakitoshi.

NeemaKibaha

Kaka Mbezi asante sana, hiyo ya vichanga sikuiwaza kabisa. Na Montessori je?

Mwl_Songea

Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, na hapa kwetu njia yake imeenezwa zaidi na mashirika ya dini. Kwa mafunzo ya mikono sijaona mazuri zaidi: unajifunza kumwonyesha mtoto kitu kimoja polepole, bila maneno mengi, kisha kumwacha arudie. Kumimina maji toka jagi hadi jagi, kufunga vifungo, kufagia duara lililochorwa kwa chaki. Shule binafsi za mjini zinawatafuta wenye cheti chake.

Ila uliza swali moja chuoni: cheti hiki kinatambuliwa na Wizara na NACTVET, au ni cha ndani? Kama ni cha ndani, kitakupa kazi binafsi lakini hakitakuombea ajira ya serikali. Pia vifaa ni ghali. Usidanganyike kununua seti nzima kwa kituo chako. Jagi mbili, sinia, kibao cha vifungo kilichotengenezwa na fundi seremala na shanga za rangi vinaanzisha vizuri.

Mlezi_Tegeta

Hapo tunatofautiana kidogo mwalimu. Kwa mtu wa mtaji wa Neema nisingeanza na Montessori. Mzazi wa mtaani anataka kwanza mtoto ale, alale, asiumie, arudi ameoga. PJT-MMMAM, ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imejengwa juu ya mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kituo kikiwa imara katika hayo matano, vifaa vitafuata.

Mwl_Songea

Sikukatai. Nimesema cheti, sijasema kituo.

Mwalimu_Kisauni

Kwa wasomaji wa Kenya: Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto, kwa hivyo mwajiri wa umma ni kaunti. PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, ni ya watoto wa miaka minne na mitano. Walimu husomea diploma inayotahiniwa na KNEC (baraza la mitihani), kisha husajiliwa na TSC (tume ya walimu). Usajili wa TSC si ajira. Wengi huchanganya hayo mawili. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa. Anza mapema, maana ndicho huchelewesha watu.

SalmaLeicester

Assalamu alaykum. Uingereza, upande wa England, idadi ni ya kisheria: mtu mzima mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, mmoja kwa watano wa miaka miwili (ilikuwa wanne hadi Septemba 2023), mmoja kwa wanane kuanzia miaka mitatu, au kumi na watatu pale ambapo mwenye sifa ya ualimu ndiye anayefanya kazi na watoto. Vyeti vinahesabiwa kwa ngazi ya 2 na ya 3, na wa ngazi ya 3 ndio wanaoweza kushika chumba. Kila mtu anapitia ukaguzi wa kumbukumbu za jinai uitwao DBS. Nimeyaandika ili Neema aone kwamba namba za dada Binti kwa vichanga si za kifahari. Huku wanne kwa mmoja ni kosa.

JumaIringa

Samahani kwa kuingilia. Mwanaume anaajirika kwenye kazi hii?

BintiPangani

Anaajirika, kaka Juma, hasa kwa wa miaka mitatu kwenda juu na darasa la awali. Kituo makini kina kanuni kwa walezi wote, wake kwa waume: hakuna mtu mzima kufungiwa na mtoto mmoja peke yao, mlango wa choo unabaki wazi nusu, kubadili nguo kunafanyika mahali mwenzako anapoona. Zinamlinda mtoto na zinakulinda wewe. Kituo kikikosa kanuni hizo, usikubali kazi.

NeemaKibaha

Nimeamua kuanza na usaidizi, wa miaka miwili hadi minne, huku nikiangalia cheti cha NTA 4. Swali la mwisho: nikiitwa siku ya majaribio, wanaangalia nini?

BintiPangani

Uamuzi mzuri mdogo wangu. Nenda na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili wasio ndugu, na majibu ya vipimo vya afya. Kucha fupi, hakuna hereni za kuning'inia, viatu visivyoteleza.

Ukiingia chumbani usisimame mlangoni kusubiri kuelekezwa. Kaa chini, uso wako uwe sawa na uso wa mtoto, mgongo wako uelekee ukuta ili uone chumba chote. Salimia, sema unachofanya: "Nakuvua kiatu hiki, sasa kile." Mwenye kituo anasikiliza kama unazungumza na watoto au juu yao. Mtoto akimng'ata mwenzake, nenda kwanza kwa aliyeng'atwa, mwoshe kwa maji na sabuni, kisha mgeukie aliyeng'ata kwa maneno machache: "Kung'ata kunauma. Mwambie, nipe." Usimng'ate naye ili "ajue uchungu", na usimwite jina baya. Andika kwenye daftari la matukio: saa, mahali, ulichofanya. Jioni waambie wazazi wa watoto wote wawili, bila kumtajia yeyote jina la mtoto wa mwenzake.

Na ukiona alama mwilini ambazo hazifanani na kuanguka, kama alama za vidole mkononi au michirizi mgongoni, usimhoji mtoto mbele ya wenzake. Andika ulichokiona na maneno aliyoyasema yeye kama alivyoyasema, mpe msimamizi siku hiyo hiyo. Msimamizi akinyamaza, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure, na afisa ustawi wa kata anapokea taarifa.